Gari ya Mwisho ya Bububu

Mwaka 1905 ulileta mjini Unguja mambo mawili ambayo aghalabu hayatajwi pamoja. La kwanza ni chama cha muziki cha Ikhwani Safaa. La pili ni treni ya Bububu. Chama kimedumu, kimezika vizazi vya waimbaji na kulea vingine. Treni haikufikisha hata miaka thelathini. Lakini viwili hivi vina mahali pamoja pa kukumbukwa, ingawa havikukutana hapo kwa wakati mmoja. Kituo cha treni upande wa mjini kilikuwa Ngome Kongwe, na ni ndani ya ua wa Ngome hiyo hiyo, tangu ulipojengwa ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, ambamo watu wa kisiwa wamekuwa wakienda kusikiliza muziki usiku. Penye muziki leo ndipo palipokuwa na usafiri jana. Usafiri uliondoka, muziki ukaingia, na msikilizaji akaaye mbali akabakiwa na swali ambalo babu yake, akiwa na tiketi ya treni mkononi, asingelikuwa na haja ya kuliuliza: nitarudije?

Treni ile ilijengwa na kampuni ya Kimarekani. Ilitoka Ngomeni, ikapita Malindi, ikafuata pwani ya kaskazini kiasi cha maili saba hadi Bububu. Mwaka 1911 serikali ikaichukua, na miaka ya 1920 ilipomalizika reli ilikuwa imekwisha kazi, kwani gari za moto za barabarani zilikuwa zimeshaanza kuipokonya abiria. Ngome yenyewe imezoea kubadilishiwa kazi. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17. Ikawa boma, ikawa jela, ikawa bohari ya reli, na mwaka 1949 ikawa klabu ya wanawake. Anayeketi leo juu ya ngazi zile akitazama jukwaa, anautazama ua uliowahi kunuka makaa na mafuta ya mashine.

Na Bububu haikuwa kijiji cha kupuuzwa. Tangu enzi ya Seyyid Barghash mji umekuwa ukinywa maji ya chemchemi zake. Maji yalikuja mjini yakabaki. Watu ndio waliohitaji kurudi.

Msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa neno Ng'ambo, ila pengine anahitaji kukumbushwa kuwa neno hilo lenyewe ni neno la safari. Palikuwa na mkono wa bahari kati ya Mji Mkongwe na upande wa pili, pakawa na daraja, na jina la Darajani likabaki hata baada ya maji kufukiwa na barabara kupita juu yake. Aliyekuwa Ng'ambo alikuwa ng'ambo ya kitu, na kitu hicho kilikuwa mji wa mawe wenye majumba, ofisi na kasri. Taarab ilianza kuheshimiwa upande wa kasri. Iliyoivusha maji ni sauti ya mwanamke aliyeijua njia kwa nyayo zake.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akafinyanga vyungu na kuvitembeza kwa miguu akiviuza, sauti yake ikiwa ndiyo tangazo la biashara. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, hakuona haya kuanza na udongo huo. Mwaka 1911, mwaka ule ule serikali ilipoichukua reli, Siti alihamia mjini. Mwaka 1928 alisafiri kwa meli hadi Bombay akarekodi santuri. Alikwenda kuimba katika majumba ya wakubwa na akarudi kulala Ng'ambo, na watu wa Ng'ambo waliotaka kumsikia hawakuhitaji gari wala treni, kwa kuwa mwimbaji alikuwa jirani. Usafiri wa wapenzi wa taarab wa zama zile ulikuwa miguu, na miguu haina saa ya mwisho.

Mji haukubaki pale ulipokuwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu laki tisa katika Mkoa wa Mjini Magharibi, ambao ni kiasi cha nusu ya watu wote wa Zanzibar. Hao hawakai tena Kikwajuni na Vikokotoni peke yake, ambako mtu akitoka Ngomeni usiku anaweza kujikaza akafika kwa miguu. Wako Mwanakwerekwe, wako Fuoni, wako Kiembesamaki, wako Bububu na zaidi ya Bububu. Ng'ambo imejivuta ikaenda mbali, ilhali jukwaa limebaki ufukweni, mkabala na bustani ya Forodhani, kwenye ncha ya mbali kabisa ya mji kwa mtu atokaye mashamba. Na kati ya jukwaa na Ng'ambo hii mpya iko daladala.

Kwenda si taabu. Haki lazima isemwe: kwenda ni sehemu ya starehe. Alasiri daladala ya 502 hutoka Bububu ikiwa imejaa, abiria wamekaa magoti kwa magoti, kapu la ndizi na ndoo ya samaki vimepandishwa juu, na kila anayeingia husalimia gari nzima kana kwamba ameingia sebuleni. Kwa miaka mingi gari zote zilikutana Darajani. Kutoka hapo mpenzi wa taarab alikuwa na hiari ya njia mbili: kuizunguka barabara kubwa, au kujitosa vichochoroni, akapita Mkunazini na Hurumzi, penye kivuli na harufu ya udi na kahawa, hadi atokeze ghafla kwenye upepo wa bahari. Magari hayaingii humo, na ni vyema hayaingii. Mwendo ule wa robo saa humvua mtu zogo la gari na kumtayarisha kwa wimbo. Anayefika Ngomeni kwa teksi hadi mlangoni amefika mapema, lakini masikio yake bado yako njiani.

Kazi iko katika kurudi. Taarab, kwa ada yake, huanza baada ya sala ya Isha. Watu wakae, ala zilinganishwe, ipigwe bashraf, kisha ndipo mwimbaji wa kwanza asimame. Daladala nazo zina ada yake: ikishatimu saa tatu usiku zimeadimika, na ikipita hapo mwenye kuiona moja humshukuru Mungu kama aliyeuona mwezi wa Idi. Kwa hiyo saa ambayo mwimbaji anasafisha koo ndiyo saa ambayo kondakta anahesabu fedha za siku. Ada hizi mbili hazijapata kukaa baraza moja zikasikilizana.

Wapenzi wa ushairi watalielewa hasara yake haraka kuliko wengine. Wimbo wa taarab hauna haraka. Huanza kwa muziki mrefu, ukafuata ubeti, ukafuata muziki tena, na mpaka beti zote ziishe robo saa inaweza kuwa imepita. Na mtunzi mzuri hatoi siri yake mlangoni. Ubeti wa kwanza hutaja ua au ndege au chombo baharini. Wa pili humpa ndege huyo tabia, msikilizaji akaanza kushuku kuwa si ndege. Wa mwisho ndio unaofungua, au unaofunga zaidi, ukamwacha kila aliyekosa akijiona kama ametajwa kwa jina. Sasa mtu analazimika kuondoka baada ya ubeti wa pili. Ameondoka na fumbo bila jibu. Amelipa kiingilio sawa na mwenziwe, amekaa juu ya jiwe moja naye, na shairi alilolisikia si lile.

Yuko mama mmoja wa Bububu, mshoni, ambaye kwa miaka alikuwa na elimu ya nusu-nusu kama hiyo. Nauli ya kurudi aliifunga pindoni mwa kanga kabla ya kutoka nyumbani, akaifunga fundo la pekee, mbali na fedha za kumtunza mwimbaji, ili furaha isije ikala njia. Kondakta aliyekuwa akimshusha alimjua. "Bi mkubwa, saa tatu ikipita hunikuti." Naye hujibu, "Utanikuta nimesimama, mwanangu." Na kweli alimkuta. Ngomeni alikaa ngazi ya chini, ubavuni, karibu na mlango, mahali ambapo jukwaa huonekana upande mmoja tu na mpiga qanun humficha mwimbaji. Hakukaa hapo kwa kupenda. Hapo ndipo mtu anapoweza kuinuka bila kuwapita watu mbele.

Jirani zake walimcheka kwamba anajua mwanzo wa kila wimbo. Mwisho wake aliupata redioni, miezi baadaye, akiwa juu ya cherehani, husimamisha mguu, gurudumu likatulia, akausikia ubeti wa mwisho peke yake, bila mtu wa kumtazama usoni na kumuuliza, "Umesikia hilo?" Si jambo dogo. Taarab ni shairi linalosomwa mbele ya wale linaowasema. Kulisikia redioni ni kupata maneno. Kulisikia ukumbini ni kuona nani kainuka kwenda kutunza katika mstari gani, na nani ghafla ameanza kutafuta kitu mkobani. Nusu ya maana imo katika miinuko hiyo, na redio haiinuki.

Mtu anaweza kudai kuwa hili ni tatizo la kisiwa kidogo, na kwamba miji mikubwa imekwisha kulimaliza. Halikumalizwa, ila kuna mahali ambapo njia ilifikiriwa kabla ya ukumbi, na kisa hicho kina mafunzo kwa wenzetu wa pwani, ambao wengine sasa wanaishi huko. London, kwenye rasi ya Greenwich, kuna kuba kubwa jeupe lililojengwa kwa ajili ya mwaka 2000, mto Thames ukilizunguka pande tatu. Kituo cha treni ya chini ya ardhi, North Greenwich, kilifunguliwa mwaka 1999. Ukumbi wa muziki uitwao The O2, unaochukua watu wapatao 20,000, ulifunguliwa ndani ya kuba hilo mwaka 2007. Yaani kituo kiliungoja ukumbi miaka minane. Mbali na treni ziko basi, ziko boti za mtoni, na tangu 2012 viko vichumba vya abiria vinavyoning'inia juu ya waya na kuuvuka mto kwa hewa. Oktoba 2016 treni za njia ya Jubilee, ipitayo hapo, zilianza kwenda usiku kucha siku za Ijumaa na Jumamosi. Maradhi ya Uviko yakazisimamisha mwaka 2020, zikarejea 2022.

Hata hivyo pale nako wako wanaotazama saa. Usiku wa Jumanne si usiku wa Ijumaa, na aliyetoka mji mwingine ana treni yake ya mwisho huko kwenye kituo kikuu, nayo haimjali mwimbaji. Tofauti haiko katika utajiri peke yake. Ukumbi wa watu elfu ishirini uliozungukwa na maji, nafasi ya kuegesha magari ikiwa ni ya wachache, usipokuwa na treni unabaki mtupu. Mwenye ukumbi anamhitaji mwenye treni, na mwenye treni anamhitaji abiria. Ngomeni hakuna mhitaji wa namna hiyo. Usiku wa tamasha ngazi zinaweza kujaa watu wanaolala hoteli za Shangani, mwendo wa dakika tatu, na mama wa Bububu akikosekana hakuna hesabu itakayoonesha pengo. Lugha inayoimbwa ni yake, lakini kiti hakimlilii.

Matamasha yamejitahidi kwa upande wao. Kuwapa wenyeji kiingilio cha chini kuliko cha mgeni ni adabu njema, na wengi wasingeliingia bila ya hiyo. Lakini anayemwalika mtu karamuni humsindikiza walau hadi njia panda, na tiketi ya bei nafuu husindikiza hadi mlangoni tu. Teksi ya usiku hadi Bububu huweza kuzidi kiingilio chenyewe. Pikipiki ni nafuu zaidi, na vijana huzipanda bila ya wasiwasi. Mwanamke mtu mzima, mwenye buibui na magoti yanayouma, hawezi kuambiwa kuwa hilo ndilo jibu lake.

Si kwamba madereva hawawezi kukesha. Siku za Sikukuu, watoto wanapojazana Mnazi Mmoja na nguo zao mpya, gari hupatikana usiku kwa kuwa dereva anajua kuna watu wa kubeba. Dereva hufuata umati, na umati hufuata gari. Wa kwanza kusogea ndiye anayetafutwa. Mtu akiwahakikishia gari tatu tu, moja ya Bububu, moja ya Fuoni, moja ya uwanja wa ndege, kuwa wimbo utakwisha saa fulani na abiria watakuwepo, hao watu wa ngazi ya chini wangelihamia katikati.

Wanaoikumbuka Februari ya 2010 wana picha yake kamili. Unguja ilikuwa haina umeme tangu Disemba 2009, kwa hitilafu katika waya uletao umeme kutoka bara, na ukarudi Machi. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, lilifanyika Ngomeni vilevile, kwa jenereta. Ndani palikuwa mchana. Aliyetoka nje akielekea kaskazini aliingia katika giza ambalo kizazi chake kilikuwa kimesahau kuwa lipo, madirisha yote yamezimwa hadi Mtoni na kuendelea. Miezi ile wengi wa mashamba hawakuja kabisa. Mama mshoni naye hakuja, na hakuna aliyemlaumu.

Alipokuja tena alikuja na hila ya kiarusi. Kila mtu pwani anajua namna wanawake wanavyokwenda harusini: hawangoji gari, wanaikodi. Wakachanga kumi na wanne wa mtaa mmoja. Mwenye nacho alimtangulizia asiye nacho, na kitabu cha michango kilekile kilichoandikiwa mashuka na sahani za arusi kikaandikiwa safari ya Ngomeni. Dereva alichaguliwa kijana wa pale pale, ambaye mama yake alikuwa miongoni mwa abiria, na huo ndio ulikuwa mkataba wenye nguvu kuliko karatasi yoyote. Fedha nusu mkononi, nusu mlangoni. Likapangwa pia suala la kukaa: wa mbali waingie kwanza, wa karibu wakae mlangoni, ili kushuka kusimwamshe aliyelala.

Usiku huo mama hakuketi ubavuni. Alipanda ngazi hadi katikati, akakaa wenzake wakimzunguka, na saa tatu ilipofika mwili wake uliinuka wenyewe kwa mazoea, wakamvuta kanga akarudi chini. Wimbo wa saa nne ulimkuta. Wa saa tano ulimkuta. Wimbo mmoja ambao kwa miaka alikuwa akiujua kwa beti mbili ulifika ubeti wake wa mwisho, na ngazi nzima ikainuka, na yeye akateremka na noti mkononi, akaitia mkononi mwa mwimbaji katika mstari ule hasa aliouchagua miaka mingi nyuma, akiwa juu ya cherehani.

Njiani kurudi hapakuwa na usingizi. Kutoka Malindi hadi Mtoni gari iliimba. Kutoka Mtoni hadi Bububu iligombana, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa elimu: kamsema nani? Mmoja akashikilia kuwa chombo kilichotajwa ni mume asiyetulia. Mwingine akasema la, bahari ndiyo mume, chombo ni mke, na kama si hivyo kwa nini tanga limetajwa limechanika mwishoni na si mwanzoni? Wa tatu, aliyekuwa kimya muda wote, akasema hakuna mume wala mke humo, mtunzi alikuwa na deni dukani. Walicheka hata dereva akapunguza mwendo. Shairi lililokuwa likikatwa na gari kila mwaka sasa lilikuwa likifasiriwa ndani ya gari.

Wakashuka mmoja mmoja. Kwa kila mmoja dereva alisimama, akaelekeza taa zake mlangoni, akangoja mpaka mlango ufunguliwe na mtu aingie, ndipo akaondoa gari. Mama mshoni alikuwa wa mwisho. Alipotoa nusu ya fedha iliyobaki kijana hakuipokea mara moja. Alikuwa amengoja Forodhani usiku kucha, akasema, na nyimbo zilimfikia juu ya ukuta, lakini kaskazi ilikuwa ikichukua maneno; ule wimbo wa chombo aliusikia mpaka ubeti wa pili tu. Mama akatazama nyumba za jirani zilizolala. Akaegemea dirisha la gari, akajifunika kanga vizuri, na akamsomea uliobaki kwa sauti ya chini.